Somo la Mapishi: Mchuzi wa Sukari na Siki kwa Hesabu ya Vijiko

Katika somo la mapishi la mara hii tutajifunza mchuzi ambao Wachina huuita tangcu, maana yake sukari na siki. Ni mchuzi mtamu, wenye uchachu na chumvi, ambao humwagwa juu ya mboga, samaki, mayai au nyama. Vijana wetu waliopata vibarua katika majiko ya mahoteli mjini ndio walioleta habari zake katika kikundi chetu cha akina mama, na tangu hapo tumeulizwa mara nyingi namna ya kuupika.

Wako pia waliotuuliza kwa kejeli kidogo: mkimbizi anayekula maharage na ugali kila siku ana haja gani na mchuzi wa Wachina? Swali hilo ni la haki. Sisi tunaona kwamba huyo ndiye mwenye haja kuliko wengine. Chakula kikiwa kile kile mwezi hadi mwezi, mtoto huchezea sahani, na mzee hula vijiko viwili akasema ameshiba, kumbe amechoka tu. Kabichi ile ile ikibadilishiwa ladha mara moja kwa juma, sufuria hurudi tupu. Tumeliona hilo kwa macho yetu.

Lakini kabla ya kupika inatupasa tueleze kosa tulilolifanya, kwa maana somo lote limetokana nalo. Siku ya kwanza tulipika mchuzi huu kwa ajili ya chakula cha pamoja. Kabichi tuliitia chumvi kama desturi yetu. Kisha tukamimina sosi ya soya kutoka kwenye chupa bila kupima, kama mtu amiminavyo mafuta, na juu yake tukaongeza chumvi tena. Mama mmoja mzee, mwenye ugonjwa wa presha, alipewa sahani iliyojaa. Aliimaliza yote kwa heshima, maana hakutaka kutuaibisha. Baadaye alikunywa maji vikombe vitatu, akatuambia kwa upole, «Wanangu, mmepika baharini?» Tuliona haya. Ndipo tukaketi kujifunza ni nini hasa tulichokuwa tumekishika mkononi.

Sosi ya soya haitengenezwi kama mchuzi wa kawaida. Soya hupikwa, huchanganywa na ngano, huachwa ipate ukungu maalumu, kisha hulowekwa katika maji ya chumvi kali kwa miezi mingi. Chumvi hiyo ndiyo inayozuia mchanganyiko usioze, nao ukungu ndio unaoivunja soya na kutoa ile ladha nzito kama ya nyama. Kwa hiyo kijiko kikubwa kimoja cha sosi hiyo huwa na chumvi karibu gramu mbili na nusu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Basi hesabuni wenyewe: vijiko viwili tu vimekwisha kufika hapo!

Dawa yake tumeikuta kwa Wachina wenyewe. Katika nyumba nyingi za China watu hukumbuka mchuzi huu kwa hesabu nyepesi ambayo hata mtoto anaweza kuishika: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kijiko kimoja ni cha pombe ya kupikia, viwili vya sosi ya soya, vitatu vya sukari, vinne vya siki, na vitano vya maji. Kijiko chenyewe kiwe kile kikubwa cha kulia, nacho kisibadilishwe mpaka mwisho. Pombe sisi hatuitii. Mahali pake tunaweka kijiko cha maji yaliyokamuliwa kwenye tangawizi iliyotwangwa, maana kazi ya pombe ile ni kuondoa shombo la samaki na nyama, na tangawizi huiweza.

Vijiko hivyo kumi na vitano vinatosha sufuria ya mboga ya watu sita. Chumvi yote ni ile ya vijiko viwili vya sosi, ambayo ikigawanywa kwa watu sita, kila mmoja hapati hata gramu moja. Sukari nayo ni chini ya vijiko viwili vya chai kwa mtu. Tunalitaja hili kwa sababu sukari ni ghali, na baba wa nyumba akiona mama anaichota kwenda jikoni anaweza kuuliza. Mwambie kwamba ni pungufu ya ile anayoitia kwenye kikombe chake cha chai.

Kuhusu siki, ile ya China ni nyeusi na laini. Siki ya jimbo la Shanxi hutengenezwa kwa mtama, ule ule tunaoujua sisi, na ya mji wa Zhenjiang hutengenezwa kwa mchele. Ya madukani kwetu ni nyeupe na ni kali zaidi, kwa hiyo anza na vijiko vitatu, uonje, ndipo uongeze cha nne. Asiye na siki atumie maji ya ndimu au ya ukwaju. Angalizo moja: soma chupa. Siki ya kula huwa na asidi kama asilimia 5. Wako wauzaji wanaopima asidi kali katika vichupa vidogo bila maandishi. Hiyo huunguza koo na tumbo, usiinunue hata kwa bei ya kutupa.

Ili mchuzi ushike kwenye mboga unahitaji wanga. Wanga wa mahindi wa dukani unafaa, lakini muhogo tunao. Chukua muhogo mtamu, si ule mchungu unaohitaji kulowekwa. Umenye, uparuze kwa bati lililotobolewa kwa msumari, uchanganye na maji safi, ukamue kwa kitambaa. Maji yale meupe yaache yatulie saa chache. Wanga utazama chini kama chokaa. Mwaga maji ya juu, anika wanga juani mpaka ukauke, uhifadhi. Unga wa muhogo wa kupikia ugali haufai kazi hii. Tuliujaribu tukapata uji.

Sasa tupike. Changanya vile vijiko vyote katika bakuli, ukoroge mpaka sukari iyeyuke. Pembeni, koroga vijiko viwili vya chai vya wanga katika vijiko viwili vikubwa vya maji baridi. Maji yakiwa ya moto wanga utafanya mabonge. Weka kijiko cha mafuta kwenye sufuria, kaanga punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa mpaka zinukie, lakini zisigeuke rangi ya kahawia, maana zitakuwa chungu. Mimina bakuli lote, liache lichemke dakika mbili. Punguza kuni. Ukoroge tena wanga, uumimine kidogo kidogo huku mkono mwingine ukikoroga mchuzi. Mara utaona unang'aa na kuwa mzito. Hapo epua! Ukiendelea kuchemsha, uchachu wa siki utauvunja wanga na mchuzi utarudi kuwa maji. Wengi hukosea hapo, wakaongeza wanga tena na tena. Tena mchuzi huu usilale katika sufuria ya alumini, kwa maana siki huila na ladha ya chuma huingia.

Mimina juu ya kabichi iliyokaangwa haraka, ambayo bado inalia kwenye meno, nayo isitiwe chumvi kabisa. Ndakala waliokaangwa wakakauka hupendeza sana, ila kama ni wa chumvi waloweke kwanza. Mayai ya kukaanga pia. Kwenye sombe hatushauri; tulijaribu, na tuliotoka Kivu hatukukubaliana nalo.

Je, kama sosi ya soya haipatikani? Wachina wenyewe hutumia sukari iliyounguzwa ili kupata rangi. Katika vijiko vyako vitatu vya sukari chukua kimoja, kiyeyushe katika mafuta kidogo mpaka kiwe na rangi ya chai ya rangi, kisha tia supu ya vichwa vya ndakala au ya uyoga mkavu mahali pa maji, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Supu ile ndiyo itakayoleta ladha nzito iliyokosekana. Wakati wa kumimina, watoto wawe mbali na jiko, maana sukari ya moto huruka, na ikigusa ngozi inaganda na kuendelea kuunguza.

Mchuzi ukiisha kutiwa wanga uliwe siku hiyo hiyo. Anayetaka kuweka akiba achemshe sosi, sukari, siki na maji peke yake, bila kitunguu saumu wala wanga, autie katika chupa ya kioo iliyochemshwa. Sisi hatuvuki siku mbili.

Na kwa wenye presha tumeweka utaratibu huu: sahani zao zinapakuliwa kwanza, mboga kavu, na mchuzi huletwa katika kikombe ili kila mmoja ajitilie kijiko kimoja au viwili. Kijiko kimoja cha mchuzi uliopimwa vizuri kina chumvi kama theluthi moja ya gramu. Yule mama mzee amerudi kula pamoja nasi. Ila kabla hajaketi husimama mlangoni kwa jiko, akatuuliza, «Kabichi mmeitia chumvi?»