Somo: Mbona Bwawa la Mtera Halileti Mvua?

Hivi karibuni baada ya ibada mzee mmoja wa hapa Ipogolo aliniuliza: "Mwalimu, bwawa la Mtera ni pana kama bahari, na jua la huko ni kali. Mvuke hupanda kila siku. Mbona Mtera ni nchi kame?" Nikamwahidi kumjibu katika gazeti letu.

Tuanze na jaribio tulilowafanyisha wanachuo wa ualimu. Mimina lita moja ya maji katika karai pana, na lita nyingine katika chupa isiyofunikwa. Viweke juani kutwa, jioni upime. Maji ya karai yatakuwa yamepungua zaidi, maana jua na upepo hunywa kwa kadiri ya upana wa maji yaliyo wazi.

Basi Mtera ni karai. Likijaa, hutanda kiasi cha kilometa za mraba 600, lakini kina chake ni kidogo. Kwa mwaka mmoja jua la huko laweza kunywa kimo cha mita 2 hivi. Zidisha mwenyewe: ni kama meta za ujazo bilioni 1.2. (Bwawa likipungua upana, hasara nayo hupungua, lakini hiyo si faraja.)

Mvuke huo huenda wapi? Ili mvua inyeshe, hewa yenye unyevu lazima ipande juu na kupoa. Ziwa Viktoria huweza kufanya hivyo, kwa kuwa lina kilometa za mraba zipatazo 68,800. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa; hewa hupanda, na radi hupiga. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hilo ni mvua inayolinyeshea lenyewe. Mtera ni dogo mno kwa kazi hiyo. Hupoza hewa ya kandokando tu, na mvuke wake huchukuliwa na upepo kwenda mbali.

Kwa hiyo Mtera hutunza maji yaliyoletwa na mito. Na nani huleta? Ruaha Mkuu hutoka Usangu kupitia Ihefu, lakini tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Ruaha Mdogo, huu unaopita hapa kwetu kutoka Mufindi, huungana nao kabla ya bwawa. Ruaha Mkuu unapokauka, maji ya mto wetu ndiyo tegemeo. Yakifika Mtera huzungusha mitambo ya megawati 80, iliyoanza 1988, kisha ya Kidatu, megawati 204, kisha hushuka Rufiji hadi bwawa la Julius Nyerere. Maji yale yale hufanya kazi mara tatu, ila yaliyokwisha kunywewa na jua hayafanyi hata moja.

Hapa nasema kwa woga kidogo, maana nina kinyungu bondeni, na mfereji wangu ulikuwa ukitiririka usiku kucha hata mahindi yakiwa yameshiba. Yule mzee ana kinyungu jirani na changu. Tumepatana kuifunga mifereji yetu kila jioni, kuanzia Agosti mpaka mvua za kwanza.