SOMO LETU: MEZA YA SAUTI NA MIKONO ILIYOIUNDA



Tunaposikiliza redio, jina la mwimbaji tunalijua. Mashine iliyonasa sauti yake hatuijui, wala walioiunda. Leo tujifunze habari za meza ya kuchanganyia sauti.

Maikrofoni hutoa umeme mdogo sana. Meza huukuza umeme huo, hurekebisha sauti nzito na nyembamba, kisha huzichanganya zote na kuzipeleka kwenye mashine ya kurekodi.

Zamani kampuni kubwa zilijitengenezea meza zao. Mafundi wa EMI ya Uingereza waliunda meza za REDD zilizotumia valvu. Valvu ina umbo la taa ya kioo. Hula umeme mwingi, hupata moto na huchoka. Mwaka 1968 studio yao ya Abbey Road, London, ilipata meza ya transista, TG12345. REDD.51 ilipokea maikrofoni 8. Hii mpya ilipokea 24.

Fundi Rupert Neve naye alianzisha kampuni yake mwaka 1961. Mwaka 1970 ikatoka saketi yake mashuhuri, 1073. Sauti huingia kwa transfoma na kutoka kwa transfoma. Tena kila njia ya sauti ni kipande kinachochomolewa. Kikiharibika, fundi hukitoa, huweka kingine, kazi inaendelea. Ndiyo maana vipande vya wakati ule vingali vikitumika, na bei yake ni kubwa.

Baadaye Neve aliiuza kampuni, na jina lake likabaki huko. Lakini ujuzi hakuuacha. Mwaka 1985 alianzisha kampuni nyingine, Focusrite, akaendelea kubuni saketi. Alifariki mwaka 2021.

Ndugu, mchoro ni karatasi tu. Lazima mtu azungushe waya wa shaba wa transfoma, na mwingine alehemu saketi, pointi moja moja. Majina ya hao hayakuandikwa kwenye meza, lakini bila wao sauti haitoki.

Basi tushike neno hili: jina huuzwa, ujuzi hubaki na mwenyewe. Mwajiri akileta mashine mpya, tudai mafunzo kabla haijawashwa.

Maswali ya kujadili tawini:
1. Nani kwetu anajua mashine yetu inavyofanya kazi ndani?
2. Akiondoka, nani atabaki na ujuzi huo?