Mtoto Amsaidie Mtoto



Huenda mmoja wenu, akisikia neno sadaka, husema moyoni mwake: «Hiyo ni kazi ya matajiri wa Ulaya. Mimi hutafuta mihogo ya jioni kwa shida. Nitampa nani kitu?» Neno hilo lina uzito, wala halifai kudharauliwa. Basi tulijibu taratibu, tukitazama mambo yaliyotokea kweli.

I. Senti ya watoto

Mwaka 1843, katika nchi ya Ufaransa, Charles de Forbin-Janson, Askofu wa Nancy, alihuzunishwa na habari zilizoletwa na wamisionari wa China. Walisimulia juu ya watoto wachanga waliotupwa kwa sababu ya ufukara, wakafa bila chakula na bila Ubatizo. Askofu hakwenda kwanza kwa wenye mali. Aliwaita watoto, akawaomba mambo mawili tu: kila siku sala moja ya Salamu Maria, na kila mwezi senti moja. Ndivyo lilivyoanza Shirika la Utoto Mtakatifu, ambalo Papa Pius XI alilifanya kuwa la Kipapa mwaka 1922. Huko Ujerumani nako, tangu mwaka 1959, watoto huvaa mavazi ya Wafalme Watatu wakati wa sikukuu ya Epifania, hupita nyumba kwa nyumba wakiimba, na kuchanga fedha kwa ajili ya watoto wenye shida wa nchi za mbali.

Angalieni mpango wa Askofu yule: kwanza sala, kisha senti. Senti bila sala huzaa kiburi. Sala bila senti, kwa mtu aliye nayo, ni maneno matupu.

II. Wanafunzi wa Roma

Mwaka 1968, katika mji wa Roma, wanafunzi wachache wa shule ya sekondari walianza kusoma Injili pamoja. Mmoja wao alikuwa Andrea Riccardi, kijana wa miaka 18. Kusoma tu hakukuwatosha. Walitoka wakaenda pembezoni mwa mji, penye vibanda vya maskini, wakawafundisha watoto wa huko kusoma na kuandika. Hawakuwa na mali. Walitoa saa zao na ujuzi wao. Hiyo ndiyo asili ya Jumuiya ya Sant'Egidio na ya shule zake ziitwazo Shule za Amani.

III. Mwana wa Goma

Kazi hiyo ilivuka bahari ikafika kwetu Goma, chini ya mlima Nyiragongo, kando ya Ziwa Kivu. Mmeyajua mateso ya mji huu. Mwaka 1994 wakimbizi wengi mno waliingia kutoka Rwanda, na kipindupindu kikaua maelfu. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima ulipita katikati ya mji, ukateketeza nyumba na Kanisa Kuu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Mwanzoni mwa mwaka 2025 vita viliingia mjini. Katika misiba kama hiyo watoto hupoteza wazazi, na wengine hulala njiani. Watu huwaita maibobo, na kuwafukuza.

Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa Goma mwaka 1981, hakuwafukuza. Alipokuwa mwanafunzi wa sheria aliingia Jumuiya ya Sant'Egidio, akawatafuta watoto hao, akawa rafiki yao katika Shule ya Amani. Baadaye alipata kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa ziingiazo nchini. Watu fulani walitaka kupitisha vyakula vilivyoharibika, wakamtolea fedha ili anyamaze.

Hapa tufikiri vema. Mwingine angesema: «Nitapokea fedha hizi, kisha nitawanunulia maibobo mikate.» Lakini chakula kile kibovu kingeliwa na nani? Kingeliwa na maskini na watoto wao. Floribert alikataa. Mwaka 2007 alitekwa akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, huko Roma.

IV. Mambo matatu ya kushika

Kwanza, hakuna aliye maskini hata asiweze kutoa. Bwana Yesu alimsifu mjane mwenye sarafu mbili, hakuwasifu wenye mifuko. Wazee wetu nao husema: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtoto amkatiaye mwenzake nusu ya kalamu yake ametoa.

Pili, sadaka iwe safi. Fedha ya wizi au ya rushwa haigeuki kuwa njema kwa kupelekwa kwa yatima. Tena mchango wa watu wengi uhesabiwe mbele ya mashahidi wawili, uandikwe katika daftari, asije mtu akajaribiwa.

Tatu, anayepokea asiaibishwe. Usimsimamishe mbele ya watu ili wewe usifiwe. Apokeaye leo atatoa kesho. Na wewe utoaye leo, hujui mlima utawaka lini.

Maswali

S. Kwa nini nimsaidie mtoto wa nchi nisiyoijua?
J. Kwa sababu Mungu ndiye Baba wa wote. Nitakapobatizwa nitakuwa ndugu wa watu wengi ambao sijawaona kamwe.

S. Je, yatosha kutoa fedha?
J. Haitoshi. Yafaa pia nitoe sala yangu, wakati wangu na urafiki wangu.

S. Floribert aliwapa maskini nini kilicho kikubwa kupita mkate?
J. Alikataa kuwauza, akatoa uhai wake.

Nia ya juma hili

Kila siku sali Salamu Maria moja kwa ajili ya mtoto wa mbali mwenye njaa. Kisha mtafute mtoto mmoja wa kijiji chako asiyekwenda shule, umfundishe herufi tano. Siku ya Bwana mweleze katekista wako, si ili usifiwe, bali ili juma lijalo muende wawili.