egrep au grep -E? Skripti moja kwa mashine mpya na za zamani

Tuanze na mstari ambao mtu anayechambua matini za Kiswahili kwa kompyuta huuandika bila kufikiri sana:

    egrep '^(ana|wana)' maneno.txt > vitenzi.txt 2>&1

Amri hii inachuja maneno yanayoanza na ana- au wana- na kuyaweka katika faili jingine. (Itanasa pia anasa na wanawake, lakini hilo si tatizo la leo.) Alama za mwisho, 2>&1, zinapeleka ujumbe wa makosa katika faili hilo hilo. Ni tabia mbaya, tukubali, ila kwa miaka mingi haikumdhuru mtu. Mwaka 2022 likatoka toleo la 3.8 la GNU grep. Tangu hapo faili la vitenzi linaweza kuanza na sentensi ya Kiingereza inayoonya kwamba egrep imepitwa na wakati, na anayehesabu maneno anaihesabu nayo.

Kwa mujibu wa kiwango, kosa ni la mwandishi. POSIX ilileta grep -E mwaka 1992, na toleo lake la 2001 likaliondoa jina egrep. Hoja ni nzuri: kazi moja, jina moja. Sisi wanaisimu tunaifahamu kutokana na usanifishaji wa Kiswahili. Tunafahamu vilevile kwamba neno lisiloingia katika kamusi sanifu huendelea kusemwa Lubumbashi kama kawaida.

Je, tubadilishe egrep kila mahali? Kwenye Solaris 10, /usr/bin/grep haijui -E. Inayoijua imewekwa kando, katika /usr/xpg4/bin. Huko, kutii kiwango kunaivunja skripti iliyokuwa ikifanya kazi.

Autoconf, programu inayoandaa skripti za kusanidi, haikisii jina la mfumo wala umri wake. Inaijaribu amri yenyewe. Kwa ufupi:

    if echo a | grep -E '(a|b)' >/dev/null 2>&1
    then EGREP='grep -E'
    else EGREP=egrep
    fi
    $EGREP '^(ana|wana)' maneno.txt > vitenzi.txt

Kiwango kinatangulia, jina la zamani linabaki akiba. $EGREP haifungwi kwa alama za kunukuu, ili sheli itenganishe grep na -E.

Pengine hata jaribio halihitajiki. System V ilitaka mabano katika tr '[A-Z]' '[a-z]', kwa POSIX mabano hayo ni herufi za kawaida tu, na [ inageuzwa kuwa [. Pande zote mbili zinaridhika. Lakini ukiandika tr -d '[A-Z]', System V inafuta herufi kubwa peke yake, ilhali POSIX inafuta na mabano. Aliyeweka unukuzi wa kifonetiki wa ng'ombe ndani ya mabano ya mraba atayakosa.