Mbolea ya Ruzuku kwa Mwenye Shamba Anayeishi Mjini

Wengi wetu hapa Kawangware na Kibera tuna kashamba nyumbani: Kakamega, Vihiga, Siaya, Kisii. Tukilipa kodi ya nyumba huku, Machi inatukumba bila mbolea kule. Mbolea ya serikali inatuhusu pia, ila mpango wake umemlenga mtu aliye shambani. Wa mjini asipojipanga mapema, itampita.

Hesabu kwanza. Septemba 2022 serikali ilishusha mfuko wa kilo 50 kutoka takriban Sh6,500 hadi Sh3,500, na mwaka uliofuata ukafika Sh2,500. Kwa mwenye ekari moja, tofauti hiyo inaweza kununua mbegu na kulipa vibarua wa palizi.

Hivi ndivyo ninavyofanya.

1. Asajiliwe anayelima. Usajili hufanyiwa nyumbani, kupitia chifu na maafisa wa kilimo, na ni bure. Huchukuliwa nambari ya kitambulisho, simu, ukubwa wa shamba na mazao. Kwetu aliyesajiliwa ni mama, kwa laini yake mwenyewe, kwa sababu vocha huja kwa SMS. Ukiweka laini ya kijana anayehamahama, siku vocha ikiingia atakuwa Nakuru.

2. Taja ekari za kweli. Idadi ya mifuko hufuata ukubwa wa shamba. Ukitaja nusu ekari ilhali mnalima mbili, utapewa ya nusu.

3. Tuma pesa pamoja na nauli ya mfuko. Depo za Bodi ya Nafaka mara nyingi ziko mjini, mbali na kijiji. Bodaboda ya mfuko mmoja mmoja hula faida yote. Sisi wa kijiji kimoja tunaokaa Kawangware tuna chama: kuanzia Januari tunachangishana, na vocha zikishaingia, watu wa nyumbani wanakodi Probox moja na kubeba mifuko ya boma kadhaa kwa safari moja. Mama nimemwomba asimtumie mtu yeyote ule ujumbe wa vocha, hata anayejiita wakala.

4. Mfuko ukaguliwe kabla ya kupakiwa. Mwaka 2024 mbolea isiyofikia viwango iligunduliwa ndani ya mpango huu huu, na serikali ikaahidi kuwafidia walioinunua. Kwa hivyo tazama mshono, alama ya ubora na chembe zenyewe; risiti na mfuko mtupu viwekwe hadi mavuno.

5. Pima udongo. Hapa ndipo wengi hupoteza ile nafuu. Mashamba mengi ya magharibi yana udongo wenye asidi, na DAP ikirudiwa kila msimu huiongeza. Udongo ukishachachuka hivyo, mahindi hushindwa kuitumia fosforasi uliyoinunua. Peleka sampuli ipimwe. Ikibidi, weka chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya kupanda, na samadi ya ng'ombe isiachwe ioze bure zizini. Kwenye mteremko, chimba matuta na upande nepia kingoni. Mvua kubwa ikinyesha, mbolea ibaki kwako isiteremke mtoni. Nyasi hizo pia ni chakula cha ng'ombe.

Bei nafuu ni msaada wa msimu mmoja. Basi ukipiga simu nyumbani wiki hii, uliza mambo mawili: nani amesajiliwa, na udongo ulipimwa lini mara ya mwisho.