Kete Kubwa za Sataranji: Mwongozo kwa Mafundi wa Kukereza

Fundi anayekereza miguu ya vitanda na nguzo za ngazi amezoea mti mwembamba unaozunguka kwa kasi. Siku akipokea oda ya sataranji ya kuchezewa uwanjani, shuleni au kwenye bustani ya hoteli, mazoea hayohayo yanaweza kumvunja mkono au kumtoa jicho. Kijitabu hiki ni chake. Ni cha mwalimu au meneja anayeagiza pia, maana oda ikitolewa kwa pupa, anayebeba hatari ni fundi.

Vipimo

Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, linapendekeza urefu huu kwa kete za mashindano: mfalme sentimita 9.5, malkia 8.5, askofu 7, farasi 6, ngome 5.5 na kitunda 5. Kitako kiwe na upana wa asilimia 40 hadi 50 ya urefu. Umbo lake ni lile la Staunton, ambalo Nathaniel Cooke alilisajili Uingereza mwaka 1849, na linamfaa sana mkerezaji: ukiacha kichwa cha farasi, karibu kila sehemu yake ni duara.

Zidisha vipimo hivyo kwa 6. Mfalme anafika sentimita 57, malkia 51, askofu 42, farasi 36, ngome 33 na kitunda 30. Miraba ikiwa na sentimita 36, uwanja mzima unahitaji mita 2.88 kila upande. Kwa shule, ukubwa huo unatosha kabisa. Wapo wateja wanaotaka mfalme wa mita nzima. Tunashauri fundi awakatalie kwa upole na kuwapigia hesabu. Hata urefu ukiongezeka mara 6 tu, uzito huongezeka mara 216, kwa kuwa mti umekua kwa urefu, kwa upana na kwa kina. Kitunda cha gramu 15 kinakuwa cha kilo 3 na robo. Mfalme wa gramu 50 anakaribia kilo 11, na huyo atanyanyuliwa na mtoto wa darasa la tatu.

Mbao

Usikereze kete kubwa kutoka kwenye gogo zima lenye moyo wa mti ndani yake. Mti unapokauka husinyaa zaidi kwa kufuata mzingo wa pete zake kuliko kuelekea kwenye moyo, mara nyingi karibu maradufu. Gogo halina pa kupumulia, kwa hiyo hupasuka kutoka nje hadi ndani. Ufa huo unaweza kutokea kete ikiwa tayari uwanjani. Kibaya zaidi ni ukifunguka mashine ikiwa inazunguka.

Njia salama ni kuunga. Chukua mbao zilizokauka vizuri, zenye unene wa sentimita 5 hivi, zirande, zipake gundi isiyoogopa maji, zibane kwa klampu na uziache hadi kesho yake. Kwa mfalme na malkia ni bora zaidi kutengeneza pipa: vipande 12 virefu, kila ubavu ukiwa umekatwa kwa pembe ya nyuzi 15, vikizungushwa na kugundishwa. Ndani panabaki wazi, uzito unapungua sana, na ncha zote mbili huzibwa kwa vizibo vya mbao vinavyoshika senta za mashine. Kitako, shingo na kichwa vikerezwe kila kimoja peke yake, kisha viungwe kwa ulimi na tundu. Kiungio kikiangukia kwenye mfereji wa pambo, hakionekani.

Mninga na mkongo hukerezeka vizuri na kudumu nje. Kwa kete za watoto, mgrevilia au msindano uliopakwa rangi unafaa, kwa kuwa ni mwepesi. Mpingo uachie kete ndogo. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, na tangu mwaka 2017 jamii yote ya Dalbergia imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo kuuvusha mpaka kunahitaji kibali. Kwa mti wowote, dai hati halali za mazao ya misitu kabla hujalipa.

Kasi ya mashine

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoumia. Gogo la mninga lenye kipenyo cha sentimita 25 na urefu wa 57 lina uzito wa karibu kilo 18. Likizungushwa mara 2,500 kwa dakika, ngozi yake ya nje inakwenda kilomita 118 kwa saa, mwendo wa basi la mikoani linalokiuka sheria. Kipande kikichomoka hapo, miwani ya kawaida haikusaidii kitu.

Kanuni ni hii: gawanya 15,000 kwa kipenyo cha mti kwa sentimita. Kwa sentimita 25 unapata mizunguko 600 kwa dakika. Mti ukiwa bado na kona, anza chini zaidi ya hapo, na usiongeze kabla mtetemo haujatulia. Mashine yenye puli iwekwe kwenye gia ya chini kabisa.

Kabla ya kuwasha, kata kona kwa msumeno mpaka mti uwe na pande 8. Funga senta, kisha uzungushe kwa mkono duara nzima ukiangalia kama unagusa kiegemeo cha patasi. Acha nafasi ya milimita 3 hadi 5. Simama pembeni unapowasha, wala usikae kwenye mstari ambao mti ungerukia. Vaa ngao ya uso mzima. Glovu hapana: patasi au mti ukiinasa, mkono unafuata. Mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko, ncha za ushungi zifungwe nyuma, pete na bangili zivuliwe.

Umeme ukikatika, zima swichi hapohapo. Mashine nyingi za karakana zetu huwaka zenyewe umeme unaporudi, na wakati huo fundi huenda ameinama anapima kwa bikari.

Wakati wa kupiga msasa, ondoa kiegemeo na uvae barakoa ya vumbi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua kwa watu wengi.

Farasi na umaliziaji

Kichwa cha farasi hakikerezwi. Kereza kitako, kisha kichwa mpe mchongaji. Wachongaji wa Mwenge jijini Dar es Salaam au wa Mombasa wanaifanya kazi hiyo kwa ustadi ambao mashine haina.

Chini ya kitako toboa tundu, fungia vipande vya chuma ili kete isiangushwe na upepo, halafu gundisha duara la mpira wa tairi kuukuu. Ukipaka mafuta ya kitani, tandaza matambara yake nje yakauke au yaloweke kwenye maji. Yakifinyangwa na kutupwa kwenye takataka za karakana yanaweza kuwaka yenyewe.

Kwako mteja: seti moja ina kete 32. Mpe fundi miezi badala ya wiki, mlipe fedha ya mbao kavu mwanzoni, na ukubali kete zenye viungio.