Kipuri Halisi na Kipuri cha Bandia

Mwenye motokaa hufurahi apunguziwapo bei dukani. Lakini breki zikikataa kushika katika mteremko wa Mai Mahiu, furaha hiyo hugeuka majuto. Kipuri cha bandia huuzwa katika boksi lifananalo na la kile halisi, ila hakina nguvu.

Filta ya oili ni mfano. Ndani ya ile halisi mna karatasi yenye mikunjo mingi iliyo sawasawa, inasayo uchafu. Ya bandia yaweza kuwa na mikunjo michache, ama gundi iliyoachia. Uchafu hupita, ukasaga vyuma vya injini.

Basi mnunuzi na afanye hivi. Kwanza, aandike namba ya chesisi, kwa maana motokaa mbili za jina moja na mwaka mmoja huweza kutumia vipuri tofauti. Pili, achukue kipuri cha zamani, alinganishe namba, umbo na uzito. Tatu, asome boksi: maneno yaliyokosewa na chapa iliyofifia ni dalili mbaya. Nne, adai risiti iliyoandikwa namba ya kipuri, apate ushahidi. Maana tangu mwaka 2008 Kenya ina sheria ya kuzuia bidhaa bandia.

Naye amtumaye fundi kununua, na amtake alete kipuri kilichotolewa pamoja na boksi la kile kipya. Filta hununuliwa kwa fedha kidogo, injini sivyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.